Mtoto Anakwenda kwa Bibi Desemba: Begi Libebe Nini?

Hoja ni hii: mzazi anayesafiri na mtoto mdogo likizo ya Desemba afungashe kila kitu kutoka mjini, au abebe kidogo na kuitegemea nyumba anayokwenda? Nimeichukua safari moja inayojulikana na wengi, ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Marangu mkoani Kilimanjaro, mtoto akiwa na miezi 14. Wanaojibizana ni mama wa mtoto, mama mkwe wake anayewasubiri Marangu, muuguzi wa kliniki ya watoto, na kondakta wa basi.

BIBI: Nianze mimi, kwa kuwa mzigo wenyewe unaishia mlangoni kwangu. Wakishuka Himo, gari dogo la kupandisha Marangu haliwatoshi. Katoni ya maji ya chupa, makopo ya maziwa, unga wa uji wa dukani, poti, chandarua, midoli, beseni la kuogea. Beseni! Watoto wangu sita niliwaogeshea nini? Halafu jua likizama na baridi ya mlima ikishuka, mtoto anatetemeka ndani ya kigauni cha mikono mifupi, na mimi nakwenda sandukuni kutafuta sweta la baba yake. Mabegi manne, sweta hakuna. Huko si kujiandaa. Ni kutuambia kwamba nyumba hii haiaminiki.

MAMA: Mama, shikamoo. La sweta nalipokea. Dar mwezi wa Desemba feni inazunguka usiku kucha na mtu bado anaamka kalowa jasho, kwa hiyo baridi unaisahau kabisa. Lakini hayo mengine sikubali. Mtoto akiugua likizo, anayekesha naye ni mimi. Akianza kuharisha tarehe 25, duka la dawa la njia panda limefungwa, mwenye duka naye yuko kwenye sherehe kama watu wote. Ninachobeba ni kile ambacho saa ya kukihitaji sitakipata. Sikibebi kwa kukudharau.

KONDAKTA: Mnabishana vingi au vichache. Mimi swali langu ni viko wapi. Dada anafika stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, alfajiri, watu wamejaa, kila mtu anataka kwenda Krismasi. Mabegi yote yanaingia kwenye buti. Juu yake napanga mchele, madumu ya mafuta ya kula, luninga ya mtu, viti vya plastiki. Tukifika Chalinze mtoto ametapika, mama ananifuata: "Kaka, naomba nichukue nguo." Nguo iko chini kabisa. Siwezi kushusha mzigo wa basi zima kwa ajili ya fulana moja. Mtoto anakwenda hadi Korogwe kafungwa khanga iliyolowa, na mama ana mabegi manne.

MAMA: Na anayesema "dada, begi hilo weka chini" ni nani? Si ninyi? Unapanda na kibegi begani, konda anakinyang'anya, anakitupia ndani, ukigeuka buti limefungwa. Kisha kwenye mizani unaambiwa umezidisha kilo, ulipe. Usitulaumu kana kwamba makosa yote ni ya akina mama.

KONDAKTA: Njia ya katikati ya viti haiwekwi mzigo, dada. Basi likipata tatizo watu watatokea wapi? Hilo sitalegeza. Lakini begi la kukaa miguuni pako au chini ya siti hakuna wa kukunyang'anya ukisema mapema kwamba ni la mtoto. Wengi hawasemi, wanatuachia tu. Na wengi hawana hilo begi dogo: wametia vitu vyote pamoja, pampasi na soksi za baba na zawadi za shangazi, wakafunga zipu.

MUUGUZI: Hapo kondakta amegusa jambo ambalo sisi kliniki hatulisemi vya kutosha. Begi la mtoto ni mawili tofauti. Moja ni la mahali unapokwenda, hilo mtagombana nalo na bibi mpaka mchoke. La pili ni la zile saa nane au kumi za njiani, na hilo halina mjadala. Nguo mbili za kubadili, khanga mbili au tatu, pampasi za kutosha njia nzima na za ziada endapo basi litaharibika, maji yake, chakula chake, dawa yake, kadi ya kliniki. Kadi hiyo watu huiacha kabatini ili isipotee. Basi mtoto anafikishwa kituo cha afya ugenini, anaulizwa chanjo gani amepata, mama anajibu "zote," na hakuna anayejua zote ni zipi. Mtoto huyu akifika miezi 18 ana dozi ya pili ya surua na rubela. Kama likizo ingeangukia mwezi huo, angeweza kuchomwa huko huko, mradi kadi ipo.

BIBI: Na chakula chake njiani? Usiwafundishe kununua vitu madirishani.

MUUGUZI: Cha dirishani ni kimoja tu ninachokiamini, bibi: ndizi mbivu yenye ganda lake, ukaimenya kwa mikono iliyonawa. Lakini hata cha nyumbani kina hatari yake. Mama anaamka saa 9 usiku, anapika uji wa maziwa, anautia kwenye chupa ya plastiki, anaufunga kwa taulo ukae na uvuguvugu. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida. Sasa hesabu: basi limetoka saa 12, Korogwe unafika kwenye saa 5 au 6, ndani ya basi kuna joto. Ule uvuguvugu ndio hali ambayo vijidudu hupenda zaidi, na mtoto ananywa. Siku ya pili anaharisha Marangu, na lawama anapewa bibi na maji yake.

BIBI: Sikia hilo! Miaka yote naambiwa ni maji yangu.

MAMA: Basi nimpe nini? Mtasema "ziwa." Likizo ya uzazi ni siku 84. Siku ya 85 nilikuwa ofisini, nimebanwa kifua, sina pa kukamulia. Maziwa yalipungua. Mtoto amezoea ya kopo, na kopo lina chupa zake, brashi yake, maji yake ya moto. Mzigo ninaosemwa ulianzia hapo. Sikuuchagua dukani kwa kupenda vitu.

MUUGUZI: Sikulaumu, na kama bado ananyonya hata mara mbili kwa siku, endelea, mpaka atimize miaka 2 na zaidi. Kuhusu kopo: usikoroge nyumbani. Beba unga mkavu umeupima kwenye vikopo vidogo vyenye mfuniko, na maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai. Maji ya kukorogea yasipungue nyuzi 70, maana unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Koroga, poza, mpe, kinachobaki mwaga. Hiyo ni chupa moja ya chai na vikopo vitatu. Katoni haihitajiki.

BIBI: Na akifika kwangu kuna ng'ombe.

MUUGUZI: Akiwa na miezi 14 anaweza kunywa ya ng'ombe. Yachemshwe.

BIBI: Yachemshwe? Nani alikuambia sichemshi?

MUUGUZI: Hakuna aliyesema, bibi. Ila likizo nyumba inajaa wajukuu, kila mtu anachota kwenye ndoo, na wapo wanaosema maziwa ya moja kwa moja toka kwa ng'ombe ndiyo yenye nguvu. Hayo hubeba brusela, hubeba kifua kikuu. Maji ni hivyo hivyo: yakitokota dakika 1 yametosha, kisha yakae kwenye chombo chenye mfuniko, mtu asitumbukize kikombe wala mkono. Nyumba inayofanya hivyo haina haja ya kuletewa maji ya chupa kwa basi kutoka Dar.

MAMA: Ikifanya hivyo. Ndilo neno langu. Nitajuaje? Nikisimama jikoni kwa mama mkwe kukagua sufuria, nimemvunjia heshima. Nikinyamaza, nimemhatarisha mwanangu. Katoni ya maji inaniepusha na ugomvi huo wote. Nainunua, naibeba, sisemi neno.

BIBI: Unasema, mwanangu. Katoni inasema kabla hujafungua kinywa, majirani wakiiona inashushwa.

(Niingilie hapa kama mwandishi. Nadhani sehemu hii ndiyo kiini cha ugomvi wote wa mabegi. Mambo ambayo mke na mama mkwe hawathubutu kuambiana uso kwa uso huingizwa kwenye zipu na kusafirishwa. Uzito wa mzigo hauonekani kwenye mizani ya stendi peke yake.)

BIBI: Na sasa tuseme habari ya pampasi, maana hapo ndipo roho yangu inapouma. Mkiondoka Januari mnaniachia nini? Huku hakuna gari la taka. Ukizitumbukiza chooni, shimo linajaa na hazifyonzwi. Ukizitupa migombani, mbwa wanaziburuta mpaka barabarani. Ukizichoma, iliyolowa haiungui, inafuka moshi mweusi nusu siku. Nimeziokota mimi kwa mikono yangu kwenye mfereji, zimevimba maji kama mito ya kulalia, zimeziba njia. Mfereji huo babu zetu waliuchimba kwa majembe, kila ukoo una zamu yake ya kufungulia maji shambani. Jirani wa chini anakuja kuniuliza, "Mama, maji yangu yako wapi?" Nimwambie nini? Wajukuu wa Dar wamekuja?

MAMA: Na nepi za kitambaa atafua nani? Krismasi nyumba imejaa, mimi mkwe niko jikoni tangu alfajiri, namenya ndizi za mtori na kuchochea moto. Nepi atapewa yule binti wa shangazi aliyefunga shule juzi. Likizo yake nzima ataimalizia kwenye beseni la nepi za mtoto asiye wake. Wanaume wapo uani. Mnaposema "zamani tulifua," semeni pia ni nani waliofua, na migongo yao imekuwaje.

BIBI: Mgongo wenyewe ndio huu. Lakini mfereji ulikuwa safi.

KONDAKTA: Kwenye basi, tafadhali, pampasi. Nepi ya kitambaa ikilowa tukiwa Mombo, siti zote za nyuma zinajua. Shida yangu ni inakokwenda baada ya hapo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 rambo hakuna, na mfuko mbadala huu wa kitambaa unapitisha maji. Basi mtu anafungua dirisha. Nimeiona ikiruka hadi kwenye kioo cha gari la nyuma. Pale Same, upande wa vichaka, zimezagaa. Wako akina mama wachache wanakuja na kindoo kidogo chenye mfuniko wa kubana, kile kilichokuwa cha siagi au rangi. Pampasi inakunjwa, inaingia, mfuniko unafungwa. Haina harufu, haivuji, inakaa chini ya siti.

MUUGUZI: Mchana, mtoto akiwa kwa bibi, anaweza kukaa na kaptula tu au nepi ya kitambaa, ngozi ipate hewa. Pampasi ibaki ya usiku na ya safari. Hesabu inashuka sana.

MAMA: Inashuka, haiishi. Hizo za usiku ziende wapi?

BIBI: Zirudi Dar na hicho kindoo.

MAMA: Nibebe uchafu zaidi ya kilomita 500?

BIBI: Mliubeba kuja nao ukiwa msafi.

KONDAKTA: Bibi, uchafu wa wiki mbili mimi kwenye basi langu sipakii.

BIBI: Basi umeona. Kila mtu anaukataa, isipokuwa shamba langu halikuulizwa.

MAMA: Hapo sina jibu, na sitajifanya ninalo. Lakini nipunguziwe kufua, nami nitapunguza pampasi. Baba wa mtoto akifika tarehe 23 na gari la rafiki yake, mikono mitupu, apewe beseni.

MUUGUZI: Tuje kwenye chandarua, maana bibi amekitaja pamoja na midoli.

BIBI: Huku kwetu juu mbu ni wa kutafuta.

MUUGUZI: Ni kweli, Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini. Kama kitanda cha kwa bibi kina chandarua, cha Dar kibaki. Lakini sikilizeni: malaria huchukua kwa kawaida wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, tangu mbu alipouma mpaka homa kuonekana. Mtoto aliyeumwa na mbu Dar, au usiku basi lilipoharibika bondeni Korogwe, atapata homa akiwa Marangu. Bibi atasema huku hakuna malaria, ni meno. Ama ni baridi. Siku mbili zinapotea. Kwa hiyo homa ikipanda, nendeni akatobolewe kidole apimwe, na mseme wazi kwamba mmetoka Dar tarehe fulani. Maneno hayo hayana uzito wowote kwenye begi. Watoto chini ya miaka 5, kwa sera ya nchi, hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo msikae nyumbani kwa kuhofia gharama.

MAMA: Dawa je? Mimi hubeba kabati zima. Ya homa, ya kikohozi, ya mafua, kapsuli zilizobaki mara ile...

MUUGUZI: Zilizobaki ziache. Antibayotiki ya nusu dozi haina kazi kwenye begi la mtoto. Beba paracetamol ya maji na kijiko chake cha kupimia, ukijua kilo za mtoto, maana dozi hufuata uzito. Beba pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Pakiti 1 ya ORS kwa lita 1 ya maji safi, isikae zaidi ya saa 24. Zinki siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekata. Vyote hivyo vinaingia kwenye mfuko wa shati, na ndivyo vitakavyokuokoa duka likiwa limefungwa. Lakini ukiona mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, au amepata degedege, usifungue begi tena. Tafuta gari.

KONDAKTA: Sista, kuna moja hujalitaja. Wako wanaowanywesha watoto dawa ya mafua kabla ya kupanda, walale hadi Moshi. Naiona. Mtoto analala usingizi usio wa kawaida, kichwa kinaning'inia, hata akitikiswa.

MUUGUZI: Hilo naliomba kwa kila mzazi anayesoma: msifanye. Dawa hizo kwa mtoto mdogo zinaweza kupunguza hata kasi ya kupumua, na ndani ya basi la giza hutajua mpaka umechelewa. Hiyo si dawa ya safari.

MAMA: Nami sijawahi, wala sitafanya. Ila mjue linatoka wapi. Mtoto akilia kutoka Wami hadi Segera, basi zima linakugeukia. Mzee anasema "mnyonyeshe huyo." Kijana anaongeza sauti ya muziki. Hakuna anayesema "nipe nimshike kidogo." Mama anasafiri na watu hamsini na yuko peke yake. Ndiyo maana anabeba midoli, bibi. Si anasa. Ni kununua nusu saa ya amani.

BIBI: Midoli isamehewe.

MAMA: Na basi la usiku? Tangu 2023 yameruhusiwa tena. Mtoto analala, joto hakuna.

KONDAKTA: Analala, na wewe unasinzia naye mapajani. Ukimpakata usiupitishe mkanda wako juu yake, basi likifunga breki uzito wako wote unamgandamiza yeye. Ukiweza mkatie siti. Najua Desemba siti mbili ni pesa. Usiku pia kiyoyozi ni kikali na vituo vingi vimefungwa: unachokosa kwenye begi la miguuni umekikosa mpaka kupambazuke.

BIBI: Nimesikiliza. Leteni makopo yake, leteni dawa zake. Sweta msisahau. Beseni, unga na katoni ya maji nitavirudisha na basi lile lile. Na maziwa nachemsha saa 12 asubuhi, kila siku ya Mungu. Anayetaka kuona aamke.

MAMA: Nitaamka, mama. Nitakaa nawe jikoni. Lakini kopo moja la ziada nitalibeba, na usiku wa kwanza atakunywa maji niliyotoka nayo.

BIBI: Usiku wa kwanza.

MAMA: Wa kwanza na wa pili.

KONDAKTA: Hayo mtamalizana huko. Mimi naomba jambo moja kwa wenye watoto: kabla buti halijafungwa, nyanyua sauti useme, "Hili ni la mtoto, linabaki kwangu." Likishafungwa Mbezi, mzigo wa Himo unafunguliwa Himo.